Ikama

Tulianza Jumatatu, chumba kile cha masjala
kinachonuka gundi, na panya, na tumbaku ya msimu uliopita
(ghala liko nyuma tu, upepo haujui mipaka ya idara).
Mezani: orodha, kurasa mia mbili na kumi na moja,
rula ya mbao,
kalamu nyekundu niliyoisainia.

Waraka ulisema kila mmoja aje na uso wake.
Cheti, barua ya kwanza ya ajira, na uso.
Wakaja. Walimu wa Igalula waliolala stesheni,
mganga wa Loya na buti lenye tope la mbuga,
bwana nyuki mmoja, Mihambo, aliyeniletea chupa ya asali.
Nikairudisha, kisha nikajuta mchana kutwa.

Ukurasa wa tisini na nne:
Nshimba Kapela, mwalimu daraja la tatu.
Nikaita. Nikaita tena,
na sauti yangu ndiyo iliyonikumbusha.
Mimi nilimzika Nshimba.
Nilishika kamba upande wa miguu, mvua ya Machi,
kaburi likijaa maji kabla ya kujaa yeye.
Miaka sita! Na kila tarehe ishirini na tatu
mshahara wake umeamka, umenawa uso, umekwenda benki.
Alipandishwa daraja akiwa futi sita chini.
Alikatwa mchango wa Mwenge.

Nani alikuwa anakula? Usiniulize.
Karani aliyenitangulia alijenga Ipuli, nyumba ya vigae,
na siku hizi hasalimii watu wa baiskeli.

Rula. Wino. Mstari.
Sikujua mtu huzikwa mara mbili,
na mara ya pili hakuna sanda,
kuna sahihi tu, na tarehe.

Jioni tukajumlisha: hewa hamsini na tisa.
Mkuu wa msafara, mgeni kutoka Dodoma, akaagiza soda.
Akasema fedha hizi zitarudi, zitakuwa dawa,
zitakuwa madawati.
Nikaamini. Bado naamini, nikiwa nimeshiba.

Ndipo akaingia Kalunde na ufagio.
"Bwana Maganga, mimi mliniita saa ngapi?
Nilikwenda kuteka maji. Labda sikusikia."

Kalunde binti Igogo. Miaka kumi na tisa
anafagia masjala hii. Anajua faili gani linaliwa na mchwa,
bati gani linavuja, bosi gani hulia akifunga mlango.
Hulipwa kwa vocha ya chai ya wageni.
Masurufu yakichelewa hulipwa kwa subira,
na subira ikiisha, kuna matobolwa ya wifi yake.

Nikafunua herufi ya K, kidole kikitangulia,
kikapita pale alipopaswa kuwa, kikarudi.
Nikafunua kutoka nyuma, kama mtu anayeibia mwisho wa hadithi.
Hayumo. Hakuwahi kuwamo.
Wala yeye si hewa:
hewa ina cheki namba, hewa imo kwenye bajeti.

"Lakini nafasi hamsini na tisa zimebaki wazi," nikasema.
Mgeni akaitazama soda yake.
"Hazikubaki. Zimekwenda na waliozibeba.
Ikama imefungwa, bwana. Hayo ndiyo mageuzi."
Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka,
na kesho yake alikuwa na Sikonge.

Kalunde akasema "haya",
neno lile lisilo na mlango wala dirisha,
akainama chini ya meza yetu,
akalitoa vumbi la kurasa mia mbili na kumi na moja,
akatuomba tuinue miguu.

Tukainua.

Niliandika dokezo. Likarudi baada ya wiki tatu
na neno moja pembeni: *Imeonekana.*
Yeye ndiye aliyeniletea, kutoka ofisi ya mkurugenzi,
karatasi imenyooka, haina hata chembe ya vumbi.