Nguvu ya Kuanzia

Fundi Shekiondo, usinianzie na spidi.
Mimi sishindani na bodaboda.
Miaka kumi na tisa nakanyaga kwa mikono,
watu hucheka nikisema hivyo, lakini ndivyo:
pedeli zangu ziko kifuani
na mabega yanalia kama bawaba.

Umezipanga mota tatu juu ya gunia,
hapa barabara ya kumi na tano,
kama muuza ng'onda.

Ya kwanza ni ya waipa, imetoka kwenye lori
lililokufa Pongwe na saruji mgongoni.
Bei poa. Meno yake ni ya parafujo:
ukikata umeme kwenye mwinuko
hairudi nyuma hata unyayo.
Naipenda kwa hilo.
Lakini betri ikizima njiani?
Umesema mwenyewe, gurudumu litagoma,
wanaume wanne hawatanisukuma, watanibeba.
Nimeshabebwa, fundi.
Nimeingizwa benki kama kiroba cha mkaa,
mimi, mteja, kitabu mkononi.
Irudishe kwenye boksi.

Ya pili inang'aa, imejificha ndani ya kitovu cha gurudumu,
haina gia, haina kelele,
ukiigusa kwa kidole inateleza kama samli.
Wati mia tano!
Mbelwa, mtoto wa dada, macho yamemtoka:
"Chukua hii, mamdogo, Raskazone dakika kumi!"

Tanga ni tambarare, wanasema.
Tambarare ya anayenyanyua mguu.
Mlima wangu ni kile kibaraza cha saruji Mgandini,
urefu wa hatua mbili na nusu,
hakuna pa kuchukulia kasi,
cherehani nyuma, majora ya khanga mapajani.
Pale nasimama kwanza.
Pale kila kitu kinaanzia sifuri.
Mota ya mbio, ukiiomba pale,
huunguruma, hupata joto, hunuka.
Niliwahi kuchumbiwa na mtu wa namna hiyo.

Sasa hii ya tatu.
Wati mia mbili hamsini tu, gia tumboni,
kutu ya chumvi shingoni,
mwendo wake wa mtu aendaye msibani.
Lakini uliibana kwenye jiriwa, ukalining'iniza jiwe,
ukawasha,
na jiwe likapanda
polepole, bila kuuliza.
Na umeme ukiisha, wenzo huu mdogo
unaliachia gurudumu,
narudi kwenye mikono yangu.

Nifungie hii.
Swichi kushoto, kulia kuna kengele.

Mbelwa ameuliza, kama anayeuliza habari nyingine,
"Sasa mimi nitashika wapi?"
Tangu ana miaka saba ndiye breki, ndiye gia.
Sauti yake naijua kwa kisogo;
sijui akizungumza njiani hutazama wapi.
Nimemwambia, tembea ubavuni.
Kile kishikio cha nyuma, fundi,
usikikate lakini.

Haya, tuje kwenye bei.
Na huko pia
usinianzie na spidi.