Chumvi Mbili

Mashine ya eksirei ya idara ilikufa Januari.
Mrija mpya bei yake haitamkiki, kwa hiyo Profesa Wieczysława
katugawia programu, akasema: jengeni humu,
humu hakiungui kitu ila macho yenu.

Saa nane usiku, Poznań, barafu imeuma dirisha la bweni.
Najenga.
Nabofya sodiamu, nabofya klorini,
moja hapa, nyingine kando, kama kete za dama,
kisha naiamuru: rudia.
Nayo yarudia, juu, chini, ubavuni, ndani kwa ndani,
haichoki, haikosei, haiombi chai.

Naumulika mchemraba wangu.
Mawimbi yakiafikiana, nukta inawaka;
yakibishana, giza.
Skrini nzima imejaa nukta zilizopangwa safu kwa safu,
shufwa zinang'aa, witiri zimefifia, lakini zipo.

Sasa natoa sodiamu, natia potasiamu.
Witiri zote zimetoweka.
Nafuta, naanza upya. Zimetoweka tena.
Maelezo ya pembeni yananitoa ushamba:
ioni hizi zote mbili zina elektroni kumi na nane,
kwa eksirei ni pacha,
mwanga haujui yupi ni yupi.

Nampigia babu Gościsław, kule Kłodawa.
Yu macho; zamu za usiku hazijamtoka mwilini,
miaka thelathini na mmoja akipasua chumvi chini ya ardhi,
na sikio la kushoto akaliacha hukohuko.
Nampigia kelele: babu, mlizitofautishaje?
"Nini?"
Chumvi, babu! Ya mezani na ile ya potasi!
Acheka mpaka akohoe.
"Kwa ulimi, mtoto wewe. Moja unatia kwenye supu.
Nyingine chungu, inakung'ata huku nyuma, kooni.
Msimamizi alikataza.
Tulilamba ukuta akigeuka."

Narudi kwenye programu, nasaka vitufe:
zungusha, kata, kuza, hifadhi.
Cha kulamba hakuna.

Nahifadhi faili. Simu bado i hewani,
nasikia redio yake, na kijiko kikigonga kikombe.
"Dobrochna," aniita, "umekula?"
Nimekula, babu, nasema,
na kidole changu ki ndani ya kopo la chumvi.