Pia

Nilizaliwa Burnley, tarehe mbili Aprili,
theluji ya mwisho ikidondoka vigaeni,
na kabla sijapewa jina nilishagombewa.
"Hamali," alisema baba. "Kondoo dume.
Tazama anavyosukuma kwa kichwa."
Baada ya wiki tatu ikafika barua ya mjomba Bhalchandra kutoka Ujjain,
wino wa zambarau, stempu imekaa upande:
*Mtoto ni Hutu. Samaki. Msimkaripie usiku.*

Baba yangu, Clement Ormerod, alitandika mazulia katika nyumba za watu.
Kila chumba alikianzia mlangoni,
misumari mdomoni, futi ya chuma kiunoni.
Na mlango wa mwaka, kwake, ulikuwa siku ile ya Machi
usiku na mchana wanapogawana sawasawa
kama ndugu wasioaminiana.
Hapo Hamali huanza.
Nyota zimekaa wapi siku hiyo, shauri yao.

Mama, aliyeitwa Vasanti, jina la machipuko yenyewe,
hakuuamini mlango.
Kwao hupima kutoka kwenye nguzo:
kuna nyota waiitayo Chitra,
na ng'ambo yake, mkabala kabisa, ndipo hesabu huanza.

Jumamosi baba alisoma gazeti kwa sauti:
Hamali wiki hii asitie saini mkataba.
Nilikuwa na miaka sita.
Mama, akigeuza puri mafutani, hakugeuka yeye:
"Msomee na Samaki."
Basi nikakua na tahadhari mbili.
Nikianguka, kichwa kigumu cha kondoo.
Nikilia, eti samaki hakosi maji.

Zulia la sebuleni kwetu alilitandika mwenyewe.
Mwaka wa kumi likaachana na ukuta, vidole viwili,
vumbi na vifungo vikajaa ufani.
Mama akacheka: fundi!
Baba akapiga magoti, akapima, akapima tena.
"Sikukosea," akasema. "Nyumba imesogea."

Alipofariki nilikwenda Ujjain.
Mjomba alikuwa mfupi kuliko mwandiko wake.
Nikamuuliza swali nililolibeba miaka thelathini na mmoja:
kati yenu, nani alikosea?

Alimwita Tanmay, mjukuu, akamnyang'anya pia yake ya mbao,
akaizungusha sakafuni.
Ikasimama wima, ikavuma.
Halafu kichwa kikaanza kuyumba,
kikichora duara hewani, taratibu,
ncha ikiwa palepale.
"Dunia hiyo," akasema.
"Inasogea digrii moja kwa miaka sabini na miwili,
umri wa mtu aliyebahatika.
Zamani, yapata miaka elfu moja na mia saba,
mlango wa baba yako na nguzo yetu vilikuwa mstari mmoja.
Leo vimeachana digrii ishirini na nne."
Akatafuta miwani, ilhali ameivaa.
"Sisi tulibaki na nyota. Wao wakabaki na majira.
Kila mtu ameshika alichoahidi kushika."

"Kwa hiyo mimi ni samaki?"
"Samaki."
"Na kondoo?"

Pia ikalala ubavu, ikabingirika chini ya kabati.
Tanmay akaifuata kwa tumbo, miguu yake tu ikionekana.
Mjomba aliinama kuchungulia,
mkono mmoja kiunoni,
akasema neno moja tu, sijui akiniambia mimi
au akimwonyesha mtoto:

"Pia."