Kazi: Kusuka

Mota ya kiwanda cha barafu iliungua Jumatano,
na kufikia saa nne samaki wote wa Malindi walikuwa na haraka.
Waliileta kwa mkokoteni, nyuma ya soko, karakana ya Twalib Shee,
ikinuka vanishi na nywele zilizoungua.
Twalib alinitazama, si usoni: mikononi.
"Wewe si ndiye wa sumaku? Kaa.
Sitini na mbili kila koili. Usinipotezee hata mmoja."

Nilikuwa na siku kumi na moja za likizo.

Kule nilikotoka sumaku moja ni ndefu kuliko basi,
imelazwa ardhini, katika handaki lililopinda kama bangili.
Waya wake ni nyuzi maelfu,
kila uzi mwembamba kuliko unywele wa mtoto wa arubaini,
nao hulala katika baridi ya nyuzi nyingine,
mia mbili sabini na moja chini ya sifuri.
Katikati hupita chembe,
ndogo hata neno "ndogo" haliwatoshi, ni pana mno.
Zikiachwa hunyooka, zikaupige ukuta.
Kazi yangu ni kuzipinda kidogo, na kidogo tena,
mpaka zirudi zilikoanzia.

"Kumbe wachunga," alisema Shangazi Sidi mlangoni,
kitana kimechomekwa kwenye leso, mafuta ya nazi vidoleni;
saluni yake imepakana na karakana.
"Wachunga mbuzi usiowaona. Na walipwa?"
"Nalipwa."
"Daima?"
"Mkataba. Miaka miwili, miwili."
"Na ikiisha?"

Arubaini na... arubaini na...

Twalib hakuinua kichwa.
"Fumua."

Nikafumua.

Kule pia nimefumua. Koili ya wiki tisa,
kwa sababu ya kipande cha chuma kisichofikia punje ya chumvi
kilichojificha chini ya utepe.
Mkuu wangu, mama mwenye miwani ya kamba, hakufoka.
Alisema neno hilohilo kwa lugha yake, akaenda kutafuta kahawa.

Na hata iliyosukwa vyema haikubali mara ya kwanza.
Unaipandishia umeme taratibu, umeshika pumzi,
mahali fulani waya unajongea, kiasi cha hakuna,
joto linazuka, baridi yote inavunjika,
heliamu inatoka kwa mluzi
na mstari kwenye kioo unadondoka kama embe.
Hatusemi imeharibika. Twasema inafunzwa.
Tunaipoza usiku kucha, tunapandisha tena.
Inaanguka, lakini juu zaidi.
Mara ya tano, ya sita, inakaa.

Kidato cha tatu nilipata thelathini na moja fizikia.
Niliileta karatasi hapa niifiche,
Twalib akaikata vipande virefu,
akavipaka vanishi, akavishindilia baina ya waya na chuma
katika mota ya pampu ya mtu wa Kakoneni.
"Karatasi ngumu hii," alisema. "Umeme hautapita."
Mpaka leo, naambiwa, pampu ile yavuta maji,
na alama zangu zimo ndani.

Sitini. Sitini na moja.
Sidi alinyamaza kama mtu anayengoja chenji.
Sitini na mbili.

Baada ya alasiri tukaijaribu.
Ilikohoa, ikatetemeka juu ya meza, bisibisi ikaanguka,
kisha ikashika mlio mmoja, mwembamba, usiokatika.
Twalib aliweka kiganja juu yake
vile mtu apimavyo homa.

Vijana wa kiwanda walirudi na pande la barafu, la shukrani.
Nililishika mpaka vidole vikafa ganzi.
Sifuri. Kule, hii ni tanuri.
Nilitaka kumweleza Shangazi
lakini alishalivunja nusu yake kwa nyundo ya Twalib,
akalifunga katika gazeti.
"Hii angalau naiona," akasema,
"na mimi nikikosea kusuka, kichwa hulalamika."
Akakimbia: kulikuwa na mteja
aliyesukwa upande mmoja.