Makumi

Bahasha zilikuwa arobaini na moja.
Nilizihesabu mimi, mara mbili,
kwenye ukumbi mdogo wa halmashauri, pale Tanga mjini,
chini ya feni isiyozunguka mpaka ichokonolewe na ufagio.
Ruzuku ni moja. Milioni thelathini na sita.

Wengine walileta maandiko yenye majalada ya kung'aa,
grafu zinapanda tu, hazijui kushuka.
Kikundi cha Chongoleani kiliandika kwa mkono
kwenye karatasi za daftari la hesabu,
na kila bei wameibania risiti:
misumari, kamba, mabati ishirini na nane
ya kichanja cha kukaushia mwani
usilowe tena vuli ikija.

Mimi si mjumbe. Mimi mwandishi wa kikao,
kazi yangu masikio na kalamu.
Mzee Semkiwa alisoma vigezo kwa sauti ya kusomea mirathi,
wajumbe watano wakatia alama, kila mtu na karatasi yake.
Nikajumlisha, nikagawa kwa tano.
Chongoleani, themanini na moja.
Kampuni ya Jitihada Pwani, hamsini na nne.
Tukafunga. Chai ilizidi tangawizi.

Jumatatu nikaikuta orodha mezani, imechapwa upya.
Themanini na moja imekuwa hamsini na moja,
hamsini na nne imekuwa themanini na nne.
Wameazimana makumi
kama ndugu wanaoazimana viatu vya harusini.
Na nyuma yake sahihi yangu,
yangu kweli, kwenye ukurasa wa pili
ambao hakuna aliyehangaika kuugusa.

Nikauliza. "Kosa la mashine," akasema Mhando.
Nikauliza ni mashine gani hiyo inayochagua.
Akaniuliza watoto wangu wanasoma wapi.

Zile karatasi tano nilizilalia usiku tatu,
Barabara ya Kumi na Nane, chini ya godoro,
zikinikwaruza kila nikigeuka.
Kisha nikamwandikia mkaguzi wa ndani.

Alikuja Alhamisi. Nuru Mbelwa,
mdogo kwangu kwa miaka ishirini, na rula mkononi.
Alizipanga zile tano kama mtu anayepanga karata,
akauliza nani alichapa ukurasa wa kwanza.
Mhando akakohoa. Nami moyoni nikashangilia.

Ndipo akanigeukia.
"Na wewe, fomu yako ya mgongano wa maslahi?"
Ipo. Jina nimejaza, tarehe nimejaza.
Pale panapouliza kama nina ndugu kati ya waombaji
nimeacha peupe.
Si ndiyo, si hapana. Peupe.

Mweka hazina wa Chongoleani ni mama yangu mdogo,
aliyenilipia kidato cha tatu kwa viroba vya mwani.
Sikumwongezea hata nusu alama, nikasema, naapa.
"Fomu haina safu ya kiapo," akasema,
akaandika.

Shindano likafutwa. Tangazo jipya, siku ishirini na moja.
Mhando kahamishwa; wapo wanaosema kapandishwa.

Nikaenda Chongoleani kusema kwa mdomo wangu.
Mvua ilikuwa imeshanitangulia.
Mwani umelala mchangani, mweusi, unateleza,
na juu yake turubai la kuazima.
Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho.
"Kwa hiyo wewe na mwizi mmeandikwa ripoti moja?"
Moja, nikasema. Aya mbalimbali.
Hakucheka. Alinipa ncha ya turubai,
"Vuta huko."

Leo kamati mpya inakaa.
Nimejaza fomu: Ndiyo. Mama mdogo. Nikatia sahihi,
nikatoka nje kama inavyotakiwa.
Bahasha yao imo, risiti ni za bei mpya,
mabati yamekuwa ishirini na mawili.
Nimekaa kwenye ngazi, mlango umefungwa.
Nasikia feni ikichokonolewa,
nasikia mtu mwingine akihesabu.

Amehesabu mara moja tu.