Nafsi ya Kwanza, Umoja

Mbagala Kizuiani. Jina lenyewe linakuuliza unatoka wapi.
Banda la mabati, kompyuta tatu,
moja haikai dakika tano bila feni ya jirani.
Mia mbili kwa dakika kumi. Mimi ndiye mwenye kopo la sarafu
na mwenye kupaza sauti: "Muda!"

Chilumba alirudi kutoka Nampula mwezi wa Shaabani
na raba za kuazima, kikohozi,
na flashi iliyofungwa kwenye kitambaa kama hirizi.
Ndani ya flashi, gemu.
Gemu la Kibrazili, lililotungwa juzi likajizeesha makusudi:
picha za vipandevipande kama sakafu ya vigae vya kuokota,
damu ya miraba, moto wa miraba,
na ngoma, ngoma, ngoma hata ukisimama kufikiri.

Usifikiri. Ukifikiri umekufa.
Mlima umejaa nyumba zilizobebana mgongoni,
nyaya za umeme zimesukwa twende kilioni.
Kijana wa mguu mmoja anatoka ndani ya kimbunga,
kiko mdomoni, anakuibia risasi, anacheka.
Maroboti ya serikali yanashuka ngazi.
Mbwa wa rangi ya chai ya maziwa anapita katikati
na hakuna anayempiga.

Silaha ya kwanza ni ndala.
Siwema wa darasa la sita alicheka mpaka akashika nguzo:
"Kumbe na wao wana mama!"
Silaha ya tatu ni kishada,
uzi wake umepakwa unga wa chupa, unakata shingo za chuma.
Uhai ukipungua unakunywa juisi ya miwa,
na hapo nje Ngwali anazungusha mashine yake,
limau, tangawizi,
hatujui mlio upi ni wa huku, upi wa huko.

Kireno hatukijui.
Lakini palipoandikwa *mesa* tuliona meza,
*copo*, nikalitazama kopo langu,
*bandeira* ikapepea bendera.
"Walituibia maneno?" akauliza Kibwana.
"Walikimbia pwani hii," akasema Chilumba, "wakaacha vyombo."

Hatua ya nne, mlango mkubwa: *IGREJA*.
"Gereza," nikasoma. "Usiingie."
"Kanisa," akasema Chilumba, akaingia.
Mishumaa, mabenchi, na jitu la sherehe, la karatasi,
linalotema mawe.
Neno lilipanda chombo likiwa kanisa,
likashuka kwetu na minyororo.
Sijui nani alilipokea, wala aliona nini.

Shuleni tulikariri: nafsi ya kwanza, umoja, mimi.
Humu mimi ni mkono tu.
Mkono na bunduki, chini, upande wa kulia.
Huna uso, huna kwenu,
ndiyo maana kila mtoto anakutosha.

Jana usiku Chilumba alicheza mwenyewe.
Watoto walibanana nyuma yake, kila mmoja kocha.
Roboti likatokea kwenye kona ya ngazi,
taa nyekundu kifuani:
*"Documentos!"*

"Piga!" tukapiga kelele sote.

Mkono wa Chilumba uliacha mausi.
Ukaenda mfuko wa shati. Mfuko wa suruali. Wa nyuma.
Taratibu, vidole wazi,
kama mtu anayejua haraka inavyoua.
Ngoma ziliendelea.
Kwenye kioo ule mkono mwingine, wa miraba,
ulibaki na bunduki hewani ukimsubiri mwenyewe.
Kisha kioo chote kikawa chekundu.

Hakuna aliyecheka. Kibwana alitaka, akameza.
Chilumba alikitazama kiganja chake kitupu
kama amekiokota njiani.

Dakika kumi zilikuwa zimepita, na zaidi.
Sikusema "Muda."
Nilitoa mia mbili yangu, nikaidondosha ndani ya kopo, ikalia.
"Rudia," nikamwambia.
"Anza na ndala."