Utepe wa Dada

Agosti ya mwaka jana dada yangu Naalannguaq
alipiga goti juu ya barafu, akafunga utepe wa buluu
kwenye mti wa alumini,
chini kabisa, pale chuma kinapozama,
kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu.

Mwaka huu ni zamu ya darasa letu.
Tumetoka Sisimiut kwa ndege ndogo,
kisha lori, saa mbili za vumbi na mawe,
dereva akitafuna samaki mkavu bila kumkaribisha mtu.
Viatu tumevivalisha meno ya chuma.
Tuna keekee, futi ya kamba, daftari lisilolowa,
na swali ambalo Mwalimu Bibiane aliliandika ubaoni
akatukataza kulijibu tukiwa vitini:
Je, linayeyuka?

Ulloriaq alicheka. Swali gani hilo!
Baba yake aliuza mbwa kumi na mmoja
majira ya baridi bahari ilipokataa kuganda;
sleji imeegemezwa ukutani, inaanikiwa soksi.
"Kwetu jibu limeshaning'inia," alisema.
"Hiyo ni bahari," Mwalimu akamwambia.
"Hili ni bamba la barafu. Kapime."

Tukapima.

Mti wa kwanza: sentimita mia moja na kumi na mbili.
Wa pili: mia moja ishirini na tisa.
Wa tatu tuliukuta umelala chali,
barafu iliyoushika miguu imekwenda zake.
Nikaandika: *umeanguka*. Sikuandika sifuri.
Sifuri ni hesabu,
na hapo hesabu ilikuwa imetushinda.

Wa nne uko bondeni, kwenye kivuli,
theluji ya Mei ilichelewa kuondoka pale.
Kumi na moja.
Tukarudia. Kumi na moja tu.

Ulloriaq akaushika mkono wangu wenye penseli.
"Uruke huo. Wakiuona watasema tunazua."
"Kina nani?"
"Wale wanaosubiri kusikia kumi na moja."

Mwalimu alikuwa ameinamia kishimo
chenye masizi meusi chini ya maji maangavu.
Hakugeuka.
"Mti hausemi uongo," alisema,
"ila mti mmoja hausemi yote. Andika."
Nikaandika.
Ncha ya penseli ikakatikia kwenye moja ya mwisho.

Chini ya nyayo zetu maji yalikuwa yanapita,
sauti ya mtu anayeosha vyombo chumba cha pili, usiku,
akijitahidi asituamshe.

Wa tano ulikuwa wa dada.
Nilijiandaa kuinama.
Utepe ulikuwa umepauka, umechanika ncha moja,
na nilipoukaribia sikuinama hata kidogo:
tulitazamana.
Futi ilikuwa mfukoni na sikuitoa upesi.
Nilitaka kwanza kusimama pale,
mahali ambapo mwaka jana
ningekuwa ndani ya barafu hadi kidevuni.

Kisha kazi. Keekee ikalia, ikameza mita sita,
tukashusha mti mpya wa darasa lijalo.
Utepe tulikuwa tumeusahau kwenye lori.
Ulloriaq, bila kuambiwa, akavua kamba ya kiatu chake,
nyekundu,
akapiga goti, akaifunga usawa wa barafu
na kuikaza mara mbili.
Alirudi akiburuta mguu mmoja, na hatukumcheka.

Usiku bwenini simu ikapata mtandao.
Ujumbe kutoka Aalborg, anakosomea unesi:
*Imefika wapi?*
Nikaandika mia moja thelathini na nane.
Nikafuta.
Nikaandika: *Kidevuni.*

Nukta tatu zikatokea, zikapotea,
zikatokea tena.
Naalannguaq ni mfupi kwangu kwa kiganja kizima,
na hapendi kukumbushwa.

*Changu,* akauliza, *au chako?*